Mapigo ya Mzee Aliyetoka Malishoni

Siku yangu ya kwanza kazini sikumtibu mgonjwa hata mmoja. Nilifika kituo cha afya cha Tumati asubuhi na sare niliyoipiga pasi ya mkaa mpaka ikawa inasimama yenyewe, moyoni nikijua leo nachoma sindano. Muuguzi Mfawidhi, yaani msimamizi wa wauguzi wote pale, alikuwa mama mnene asiyecheka ovyo. Aliniangalia kuanzia viatuni, akavuta kiti, akaninyooshea mkono wake, akasema nihesabu mapigo ya moyo. Nikaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, nikahesabu nusu dakika, nikazidisha mara mbili kama tulivyofundishwa chuoni, nikataja jibu kwa sauti ya mtu aliyefaulu.

"Rudia," akasema. "Dakika nzima."

Nikarudia. Akanituma kwa mlinzi, kwa mama wa usafi, kwa dada wa dirisha la dawa, na kila niliporudi na namba aliniuliza kama mapigo yalifuatana sawa au kuna yaliyoruka. Hilo sikuwa nimeliangalia. Alinieleza kwamba moyo wa mzee haufuati mdundo kama wa kijana; unaweza kwenda vizuri nusu dakika, halafu ukaruka pigo, na wewe uliyeharakisha usijue. Basi mchana kutwa nilishika mikono ya watu wazima wasioumwa, na jioni nilirudi chumbani nimekasirika, nikijiambia sikusomea kazi ya kushikana mikono. Nilikuja kumshukuru baadaye sana, naye hakupata kujua.

Wiki iliyofuata ndipo akanipa mashine ya presha. Nyinyi mliozoea hizi za betri, mnabonyeza na kusubiri namba itokee, zile zetu hamzijui. Ilikuwa sanduku la chuma, ndani yake bomba la kioo lenye zebaki. Unamfunga mtu mkanda juu ya kiwiko, unaujaza upepo kwa kubonyeza mpira mpaka damu isimame mkononi, halafu unauachia taratibu huku umeweka masikio kwenye stetoskopu. Pigo la kwanza ukilisikia, hapo zebaki ilipo ndiyo namba ya juu: nguvu ya damu moyo unaposukuma. Sauti ikipotea, hiyo ndiyo namba ya chini: nguvu inayobaki moyo ukipumzika kati ya pigo na pigo. Namba zikizidi watu wetu wanasema presha ya kupanda, zikipungua presha ya kushuka, na mimi sijawahi kugombana nao, maana wanaeleweka.

Masharti ya kupima yalikuwa yameandikwa ukutani. Mtu akae kwanza dakika tano. Mgongo uegemee, miguu ikanyage chini, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, na asiongee. Asiongee! Aliyeandika hivyo hakuwa mtu wa kwetu. Kwetu huwezi kumshika mtu mzima mkono kabla hujampa shikamoo yake, ukauliza habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe. Na yeye akishaitika marahaba anataka kujua wewe ni binti wa nani na bibi yako alitoka bonde gani. Mimi najaza upepo, yeye anatafuta ukoo wangu, zebaki inacheza. Muuguzi Mfawidhi alinifundisha kumaliza salamu zote kabla ya kufunga mkanda, na mzee akianza tena, kumwambia kwa heshima kwamba masikio yangu yamezibwa na chuma. Ilisaidia kwa wengi, ila wapo waliopaza sauti.

Kutoka Tumati nilihamishiwa Hanang. Kwanza Gitting, kwenye miteremko ya mlima, ambako kazi yangu kubwa ilikuwa chanjo na wajawazito, na baridi yake sitaisahau. Bosi wangu pale, Muuguzi Mkuu, alikuwa mwanamume mpole aliyekuwa na neno moja la kila jambo: "Tutaona." Likizo, tutaona. Gauni jipya, tutaona. Nilikaa naye miaka mingi na mengi hatukuyaona. Halafu nikapelekwa kituo kingine, huko huko Hanang, upande unaotazama tambarare za wafugaji. Jina lake nisilitaje, maana waliopo sasa hawakuwepo wakati ule, na tulivyofanya sisi ndivyo walivyofanya wengi. Kilikuwa juu ya kilima. Wakulima walikuwa majirani zetu, wafugaji walikuja kwa miguu kutoka chini, na mpando wa mwisho kabla ya lango ulikuwa mkali hata kwa mbuzi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Pale kituoni, kama popote huku kwetu, mzee hakai foleni. Ukimwona mzee anaingia langoni na fimbo yake, benchi zima linasimama. Baba, shikamoo, pita. Mama, shikamoo, tangulia. Hata mwenye mtoto wa homa anasogea. Ukimwacha mzee asubiri, watu watasema umelelewa na nani, na hawatakuuliza wewe, watawauliza wazazi wako. Kwa hiyo mzee alipanda kilima kile, akaingia langoni akihema, na kabla hajameza mate alikuwa ameshapitishwa mbele, amekalishwa, mkanda uko mkononi. Kijana aliyefika kabla yake anasubiri kwenye benchi, anasinzia, moyo unatulia, na anapofikiwa presha yake ni safi kabisa.

Unaona ilivyokuwa? Mtu akitembea, na hasa akipanda, moyo unasukuma kwa nguvu na kwa haraka. Namba ya juu inapanda, mapigo yanapanda. Hiyo si ajali, ndiyo kazi ya moyo. Akisimama, mapigo yanaanza kushuka, ya kijana haraka, ya mzee polepole, maana mishipa yake imekaza na moyo wake hauna haraka ya kurudi. Sisi tulikuwa tunawapima wazee katikati ya safari ya kurudi. Heshima yetu ndiyo iliyowapandisha presha. Na ikajulikana tarafa nzima kwamba wazee wa tambarare wana presha mbaya.

Mmoja wao alikuwa Mzee Gidobat. Alikuwa mrefu, mkavu, shuka begani, makatambuga miguuni, na umri wake hata yeye hakuujua ila kwa njaa na mvua alizozikumbuka. Wenzake wa rika walikuwa wameshaacha ng'ombe kwa watoto, yeye bado alikuwa akiwapeleka malishoni mwenyewe kila siku. Mara ya kwanza alikuja kwa ajili ya kikohozi. Tukampitisha mbele, tukampima, presha juu. Afisa tabibu aliyekuwa Mganga Mfawidhi wetu wakati huo, mzee mwema aliyekaribia kustaafu, akamwandikia kidonge. Akarudi kwa kliniki ya kila mwezi, kapanda kilima kile kile, presha bado juu. Akaongezewa kidonge cha pili, hiki cha kupunguza maji mwilini. Mzee alivimeza vyote bila kukosa. Wafugaji wakikuamini wanakuamini kweli.

Alianguka penye lambo, kiangazi, ng'ombe wakinywa. Alikuwa amechuchumaa kivulini baada ya kutembea asubuhi nzima, akainuka kumfukuza dume lililokuwa linawapiga wenzake, akaenda chini kama gunia. Mwanawe wa pili ndiye aliyemkuta. Walimpakia kwenye pikipiki katikati ya watu wawili, wakamleta kwetu kichwa kikiwa kimelala begani mwa dereva.

Wakati huo Mganga Mfawidhi wa zamani alikuwa ameshaondoka, tumeletewa daktari kijana kutoka Kigoma, mwembamba, anaongea upesi, hata salamu zetu zilikuwa zinamchosha. Lakini kazi aliijua. Alimlaza mzee, akainua miguu yake, akampima akiwa amelala: presha chini sana. Akampa maji, akasubiri, akampima tena. Halafu akaniita pembeni akaniuliza maswali ya ajabu. Huyu mzee huwa anakuja na nini? Kwa miguu. Kutoka wapi? Nikamwonyesha dirishani, kule chini kwenye vumbi. Akifika anakaa wapi? Nikamwambia hakai, anapita, ni mzee. Akautazama ule mpando kwa muda mrefu.

"Sista," akasema, "sisi hatujampima huyu baba. Tumepima kilima."

Kesho yake akatoa amri: kila mtu akae kwenye benchi kwanza, mzee kwa kijana, hakuna kupita. Sawa, alikuwa na haki. Lakini amri nzuri ukiisema vibaya inakuwa tusi. Mzee wa kwanza aliyeambiwa akae asubiri aligeuka akarudi nyumbani. Wa pili akauliza kama sisi ni watoto wa kuokotwa. Kufika mwisho wa wiki kliniki ya presha ilikuwa na vijana watupu na bibi mmoja kiziwi. Mwenyekiti wa kijiji akaja kuuliza ni kosa gani wazee wamefanya.

Nikamwambia Daktari aniachie mimi. Nilichukua kiti kizuri cha ofisini, chenye mgongo na mikono, nikakiweka ndani ya chumba cha kupimia, karibu na meza yangu. Mzee akifika anapita mbele kama kawaida, benchi linasimama kama kawaida, anaingia ndani kwa heshima zake zote, namwamkia, namkalisha kwenye kile kiti. Halafu mimi naendelea kumpima aliyepo. Yeye anakaa, anatazama, anapumua. Amepita wa kwanza, hakuna aliyemvunjia heshima, na mimi zamu yake naijua mwenyewe. Daktari alicheka siku alipokiona, akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema. Nikamwambia hukuuliza, ulitoa amri.

Hivyo wazee walirudi, na wengi tukakuta presha zao si zile. Wengine walikuwa nayo kweli, msije mkasema nimewaambia presha ni kilima tu. Lakini wapo tuliowapunguzia dawa. Mzee Gidobat, aliyeambiwa arudi apimwe upya kabla ya kubadilishiwa dawa, hakurudi. Niliuliza, nikaambiwa wanawe wamekaa kikao.

Mtoto wake mkubwa aliitwa Samweli. Alikuwa mwalimu Katesh, Mkristo, mtu wa adabu, na alimpenda baba yake. Baada ya ile siku ya lambo alisema baba atakufa porini peke yake, aliwe na fisi, na watu waseme ana mtoto mwenye mshahara. Kwa hiyo ng'ombe walipewa mtoto wa pili, na baba akaambiwa akae nyumbani, apumzike, ameshafanya kazi ya kutosha. Vidonge vyake viwili Samweli mwenyewe alimnunulia duka la dawa, asikose hata siku moja. Hakuna ubaya hapo. Nyumba nyingi zingeita hiyo baraka.

Miezi ikapita. Kisha mkewe akaja kituoni, kwa miguu, mama mzee wa bangili za shaba, peke yake. Nikamkalisha kwenye kile kiti nikidhani amekuja kupimwa. Akautoa mkono wake mezani. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alikitafuta neno moja moja.

"Nesi, mume wangu hali chakula. Asubuhi anatoka nje, anaangalia vumbi la ng'ombe mpaka linaisha. Halafu anarudi, analala. Haongei na mimi. Ile dawa yenu, iko ya kurudisha mtu?"

Nimewahi kuulizwa maswali mengi ya dawa, hilo silisahau. Nilimpeleka kwa Daktari, naye aliposikiliza hakuongea upesi kama kawaida yake. Alisema hawezi kumrudisha mtu malishoni kwa maneno ya kiti cha ofisini. Twende tumpime huko huko, akitembea.

Tukaenda na pikipiki ya kituo, mashine nimeipakata. Wanawe wote wawili walikuwepo, Samweli ameomba ruhusa kazini. Mzee Gidobat alikuwa amekonda. Nikamwamkia, akaitika marahaba kwa sauti ndogo, hakuuliza mimi ni binti wa nani. Nilimpima amekaa, ametulia, na presha yake haikuwa ya kutisha hata kidogo. Mapigo niliyahesabu dakika nzima, yalifuatana vizuri. Kisha Daktari akamwambia afungue zizi awapeleke ng'ombe kwenye maji, kama zamani, na mimi nifuatane naye.

Mzee aliangalia watoto wake kwanza. Samweli akaangalia pembeni. Basi akachukua fimbo.

Sijui niwaelezeje. Mtu aliyekuwa anaburuta miguu uani, ng'ombe walipotoka tu alibadilika mwendo. Aliwaita kwa majina, akapiga mluzi, na mimi niliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi nikawa namkimbilia nyuma na sanduku langu, natokwa jasho kama mchimba kisima. Tulipofika lambo, Daktari na wale wana wawili wakitufuata, nilimfunga mzee mkanda akiwa amesimama bado anahema. Namba ya juu ilikuwa mbali, mapigo yanakimbia. Samweli aliona zebaki ilipofika akasema, unaona Daktari, ndicho nilichosema. Daktari akamwambia asubiri.

Tukamkalisha chini ya mgunga. Hapo mzee akaanza kukasirika, anasema ameshapimwa, mnapima nini tena. Nikamuuliza: baba, ng'ombe aliyetoka kukimbizwa na fisi, unamkamua hapo hapo? Akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Akasema huyo hakupi maziwa, unamwacha atulie, ndiyo ujue ana kiasi gani. Nikamwambia na mimi nakuacha utulie. Akakaa.

Mapigo yakashuka, kwanza kwa haraka, halafu polepole, kama yanavyoshuka ya mzee mwenye moyo mzima. Na presha ikashuka pia, ikafika pale ilipokuwa nyumbani, ikapita, ikaenda chini zaidi. Hili wengi hawalijui: baada ya mwendo mrefu mishipa inabaki imefunguka, na presha ya mtu inaweza kukaa chini kuliko kabla hajatoka, kwa saa kadhaa. Kwa mwenye presha ni jambo zuri. Lakini kama asubuhi amemeza vidonge viwili, kimoja kinashusha, kingine kimemaliza maji, na jua ni kali, basi kushuka kunazidi. Daktari akamwomba ainuke. Aliinuka, akayumba, nikamdaka kiwiko. Nikampima amesimama, presha imeporomoka, na tukamwona adui wetu ni nani. Hakuwa ng'ombe, wala lambo, wala uzee.

Daktari alikiondoa kidonge cha maji siku ile ile, kile kingine akakipunguza. Akampa masharti: anywe maji kabla ya kutoka, aanze mwendo taratibu, akifika asisimame ghafla bali azungukezunguke kidogo na ng'ombe wake ndipo akae, na akiwa amechuchumaa ainuke kwa kushika fimbo, asubiri kizunguzungu kipite kabla ya kupiga hatua. Kifua kikibana, pumzi ikikataa, au moyo ukaruka ovyo, aache kila kitu aletwe. Na asiende peke yake, aende na mtoto wa pili. Mzee alikubali yote isipokuwa la mwisho, akasema huyo mtoto anaongea sana. Hata hilo alikubali mwishowe.

Tuliporudi uani kwao, Samweli ndiye aliyebaki hajakubali. Alisimama mbele ya Daktari, mikono nyuma kama mwalimu alivyo.

"Mnamrudisha porini. Akifa huko, nani atajibu?"

Daktari aliangalia chini. Simlaumu, hakuna mtu wa hospitali anayependa swali hilo, na hakuna mashine inayolijibu. Lakini mimi nilimwona yule mama mzee amesimama nyuma ya mwanawe, ananitazama mimi.

"Nitajibu mimi," nikasema.

Njiani kurudi Daktari alinipigia kelele juu ya mlio wa pikipiki, eti hilo sikufundishwa chuoni. Nikamwambia na yeye hakufundishwa kuangalia chini. Kusema kweli niliogopa. Usiku ule na nyingi zilizofuata, simu ikilia nilidhani ni kutoka tambarare.

Tulirudi kumpima tena baada ya wiki chache, akitembea, akipumzika, akisimama, na safari hii hakuyumba. Mzee Gidobat alichunga. Masika moja ikapita, na nyingine, na nyingine. Kila mwezi alipanda kilima, anaingia ndani, anakaa kwenye kiti, anaitika salamu, na sasa alikuwa anauliza habari za bibi yangu mpaka natamani anyamaze. Presha yake nilikuwa naijua kama ya mume wangu. Nilipostaafu alinipa mtamba, na watu wa kwetu waliponiona nashuka kwenye lori nikiwa na ng'ombe walisema nimeolewa upya.

Sasa niko nyumbani Tumati, nalima mahindi na maharage, kuku wananisumbua. Majirani wanakuja nyumbani na mashine zao za betri walizonunuliwa na watoto wa mjini, wanabonyeza wakiwa wamesimama mlangoni, wametoka shambani sasa hivi, wanaona namba, wanashika kichwa. Nawaambia kaa. Wananijibu, lakini imesema mia na themanini. Nawaambia mashine haijui umetoka wapi, mimi najua, kaa. Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii, msiache kumuuliza mtu ametoka wapi na alikuwa anafanya nini. Namba bila hiyo habari ni ya kumtisha mtu bure, au ya kumlewesha dawa. Na mkimpima mzee aliyefanya mazoezi, mpimeni mara mbili, kabla hajatulia na baada, na mara ya tatu akiwa amesimama. Mkifanya haraka haraka mtamkosa.

Mwaka uliopita simu ikaja kweli. Mzee Gidobat alifia malishoni, nyuma ya ng'ombe, kiasi cha saa tisa mchana. Mtoto wa pili alikuwa naye. Alisema baba alikaa chini ya mti, akaegemea, akasema wanyama wageuzwe warudi, na walipogeuzwa alikuwa ameshaondoka.

Nilikwenda msibani. Basi mpaka Katesh, halafu bodaboda, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Presha yake ya mwisho niliyopima ilikuwa nzuri. Mapigo yalikuwa mazuri. Moyo wa mtu wa umri ule unaweza kusimama hata kitandani. Yote hayo ni kweli na yote nilijua hayatoshi.

Watu walikuwa wengi. Samweli aliniona, akaja moja kwa moja, mvi zimemjaa, macho mekundu. Alinisalimia vizuri, hakupandisha sauti.

"Nesi, ulisema utajibu."

Nikaanza kusema. Nikasema habari ya presha, nikasema habari ya mapigo, na maneno yakawa yananikatikia mdomoni, nikajisikia mjinga kabisa mbele ya mtu aliyefiwa. Mama yake alikuwa ameketi chini juu ya ngozi, kichwa kimenyolewa. Alimwambia Samweli kitu kwa lugha yao. Halafu mama mwenyewe akakigeuza Kiswahili, ili na mimi nisikie.

"Usiulize nesi, uliza mimi. Baba yenu alikufa wakati ule mlimkalisha. Mimi nilikuwa napikia maiti. Huyu akanirudishia mume wangu, na miaka hii yote nimekaa na mume. Sasa ndiyo amekufa. Niacheni nimlilie."

Samweli alishuka chini taratibu, akaketi kando ya mama yake. Nikaketi upande wa pili, na tukalia wote watatu.